Gesi Inayoanguka na Mwanga Wake

Mashariki kidogo ya Kilimia, kinachopanda juu ya mashamba ya eneo la Kwanza, Kenya, usiku wa Desemba, kuna wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 450. Humo nyota zinazaliwa. Mwanaastronomia Alfred Joy alizitambua kuwa kundi la peke yake mwaka 1945, na fumbo lake halikukawia: uso wenye joto la kelvini 4,000 hivi hauwezi kutoa mwanga wa urujuanimno wa kutajika, ilhali nyota hizi zinaumwaga kwa wingi.

Ozoni huuzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, hivyo setilaiti ya IUE, iliyorushwa Januari 1978, ikaupima kutoka juu ya angahewa. Kueleza chanzo ndiko kulikokuwa kazi. Je, ni msukosuko wa sumaku usoni, kama wa Jua? Au ni sahani ya gesi inayoizunguka nyota na kusuguana nayo?

Kwamba gesi inayoanguka hung'aa sana, ushahidi ulikuwa umeshapitia pwani yetu. Uhuru, setilaiti iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kuonyesha kuwa eksirei za Centaurus X-3 zinatokana na gesi ambayo nyota mfu inainyonya kutoka kwa mwenzake.

Kwangu mimi, hoja nzito kuliko zote ni ya marika. Nyota za umri uleule zilizokwisha kupoteza sahani zao hazina ziada hiyo ya urujuanimno, ingawa nyuso zao nazo zina msukosuko. Kisha spektra zikaonyesha gesi ikiielekea nyota kwa kilomita 200 hadi 300 kwa sekunde: kasi ya kitu kilichoachiwa kutoka mbali, si kilichoteleza taratibu. Mwaka 1999 sumaku ya BP Tauri, mojawapo ya nyota hizi changa, ilipimwa, ikazidi gauss 2,000. Nguvu hiyo yatosha kuikata sahani njiani na kuiporomosha gesi kuelekea nyota.

Maji ya mto Nzoia yakianguka kwenye maporomoko ya Nabuyole, nguvu yake huishia kwenye ngurumo na povu. Kule juu, gesi ikigonga uso hufikia kelvini milioni moja hivi na kutoa eksirei, ambazo nyingi humezwa na gesi ya jirani. Hiyo nayo hupata joto la kelvini 10,000 hivi, na hapo ndipo urujuanimno unapotoka.

Leo mwanga huo hutumika kukadiria ulaji wa nyota: kwa kawaida, sehemu moja ya milioni mia ya uzito wa Jua kwa mwaka. Ila vumbi lililo njiani likikadiriwa vibaya, hesabu yote huharibika.