Nauli kwa M-Pesa: mradi wa fistula ulifanyaje kazi?

Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, inayoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, ilikuwa ikifanya upasuaji wa fistula ya uzazi bila malipo, na bado wanawake wengi waliouhitaji hawakufika. Fistula humpata mama aliyekwama na uchungu kwa muda mrefu bila msaada. Akipona uzazi wenyewe, hubaki akivuja mkojo, wakati mwingine na haja kubwa, na wengi hutengwa hata na watu wa nyumbani. Mtu wa namna hiyo, kijijini Kigoma au Mtwara, atapata wapi nauli ya kumfikisha Dar?

M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka mmoja kabla. Kwa msaada wa taasisi ya hisani ya Vodafone, hospitali iliitumia kama ilivyokuwa. Iliteua mabalozi mikoani: wahudumu wa afya, watumishi wa mashirika, wanawake waliokwisha kutibiwa. Balozi akimpata mgonjwa, anapiga simu hospitalini. Mgonjwa akionekana anafaa, nauli inatumwa kwenye simu ya balozi, naye anaitoa kwa wakala, anakata tiketi na kumpandisha mama basi. Dar kuna mtu wa kumpokea. Mgonjwa akishafika, ndipo balozi anapotumiwa ahsante yake.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa ufundi wa mradi mzima. Balozi angelipwa kwa kila jina analoleta, orodha ingejaa majina na wodi ingebaki na nafasi. Kwa kumlipa balozi pale tu mgonjwa anapofika, hospitali ilimpa sababu ya kuhakikisha mgonjwa hakosi basi na mume au mkwe hamrudishi njiani. Simu yenyewe ilifanya jambo moja tu, kufikisha fedha kidogo mbali, haraka, kwa mtu asiye na akaunti ya benki. Wagonjwa wengi hata simu hawakuwa nazo, na mpango haukuwadai wawe nazo.

Kipimo nacho kilikuwa cha wazi, yaani mwanamke amefika na amepasuliwa, au hajafika. Miradi mingi ya afya ya kidijiti hupenda kuhesabu ujumbe uliotumwa na watumishi waliohudhuria mafunzo. Hizo ni hesabu za kumfurahisha mfadhili.

Mwaka huohuo wa 2009, Septemba, ulianza mradi mwingine ulioitwa SMS for Life, wa ubia wa Roll Back Malaria na Wizara ya Afya, pamoja na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM. Ulihusu vituo 129 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwa wiki 21. Kila wiki mhudumu aliulizwa kwa ujumbe mfupi ana akiba gani ya dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano. Kujibu kulikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati alipewa muda wa maongezi. Majibu yalikwenda kwa wakubwa wa afya wa wilaya, ambao waliweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kisicho nazo.

Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Wastani huo, hata hivyo, unaficha jambo. Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 ikafika sifuri, na Ulanga 87 hadi 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 ikaishia 47. Mfumo ulikuwa uleule, na swali la kila wiki lilelile. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kutoka kwenye simu. Lazima itafutwe nje yake: kwenye bohari, kwenye gari la kusambazia, kwenye dawati la anayesoma taarifa Jumatatu asubuhi. Mfumo wa taarifa hauzalishi dawa, na ghala la wilaya likiwa tupu, ujumbe mia hautabadilisha kitu isipokuwa kuthibitisha kuwa ni tupu.

CCBRT nayo ilikuwa na mpaka wa aina hiyo. Nauli ikishapatikana, mkwamo unaweza kuhamia kwenye vitanda na madaktari wa upasuaji, na huko M-Pesa haina msaada. Tatizo la kutanguliza simu kabla ya mfumo unaoizunguka, Uganda ililiona kwa upana wake mwaka 2012, Wizara ya Afya iliposimamisha miradi mipya ya majaribio ya afya kwa simu, kwa kuwa ilikuwa mingi na haikuwa na uratibu.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandika maandiko ya miradi, kabla ya kutaja bei ya vishikwambi, andikeni jina la cheo cha mtu atakayepokea taarifa, ana mamlaka gani ya kutenda, na fungu gani la fedha analo la kutendea. Pasipo majibu hayo matatu, vishikwambi visubiri.