Anayejua Kunyamaza

Kwenye banda la video watu hulipia picha, lakini mara nyingi kilichowatoa nyumbani ni sauti. Ubao wa mlangoni huandikwa jina la filamu kwa chaki, na chini yake, kwa herufi zisizopungua ukubwa, jina la aliyeitafsiri. Nchini Tanzania, enzi za kanda za VHS, jina hilo lilikuwa Lufufu. Derek Mukandala, ndiye huyo Lufufu, alizichukua filamu za ng'ambo akazisimulia kwa Kiswahili hadi vijana wakawa wanaulizia kanda zake kwa jina lake. Baadaye wakaja akina DJ Mack na DJ Murphy. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda VJ Jingo anaifanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda.

Ukiitazama kwa karibu, kazi yenyewe inatisha. Mtu mmoja na maikrofoni yake, filamu ya saa mbili. Yeye ndiye stelingi, ndiye adui, ndiye bibi anayelia msibani. Huishusha sauti ya filamu anapotaka kusema na kuipandisha ngumi zinapoanza. Mwigizaji anatamka sentensi kwa sekunde tatu. Kiswahili chake hakitatosha humo, basi papo hapo inabidi mtafsiri aamue aache nini. Tena watazamaji hawafiki kwa pamoja. Yupo aliyeingia nusu saa baadaye, naye anahitaji kujua kwamba yule mwenye kovu ndiye aliyemuua baba mtu, ila aambiwe bila kumchosha aliyekaa kwenye benchi tangu mwanzo. Mtafsiri hodari hulipenyeza jambo hilo ndani ya tusi la stelingi, ukadhani ni sehemu ya ugomvi.

Ipo filamu ya Hong Kong ya mwaka 1978, The 36th Chamber of Shaolin, ambamo Gordon Liu anacheza kijana San Te anayejifunza kupigana kwa watawa. Kuna mahali anabebeshwa ndoo za maji huku amenyoosha mikono pembeni, na visu vimefungwa kwenye mikono hiyo. Akiishusha kidogo tu, vinamchoma mbavuni. Nilimsikia mtafsiri mmoja akifika hapo. Alikuwa akitiririka kama mtangazaji wa mpira, kisha akakata. Hatukusikia kitu ila maji na pumzi za Liu. Mikono ikaanza kutetemeka, uso ukajikunja, banda zima likainama mbele. Ndipo akasema, taratibu, "Usishushe, mwanangu." Basi. Maneno mawili, kwa sauti ya mzazi.

Pale ndipo ninapoupima ustadi. Uso wa mwigizaji umeshafanya kazi yake, na msimulizi mwenye adabu humwachia nafasi. Wajapani waliujua ufundi wa kusimulia filamu zamani: enzi za filamu zisizo na sauti, benshi walisimama kando ya pazia wakisimulia, na wapo waliokuwa wakiwavuta watazamaji kuliko waigizaji wenyewe. Filamu zenye sauti zilipoanza kuwanyang'anya kazi, mwaka 1932 waligoma, wasifue dafu. Kwetu imekuwa kinyume chake: picha zilifika na sauti zake kamili, bado watu wakamtaka msimulizi, kwa sababu yeye huongea na benchi zima kwa wakati mmoja, na benchi zima humjibu.

Suala la hakimiliki lipo, na ni zito. Wenye filamu wana haki yao. Lakini suala hilo halipunguzi ninavyouheshimu ufundi huu. Kinachonisumbua zaidi ni watafsiri chipukizi wanaojaza kila sekunde, mzaha juu ya mzaha, hata mtu anapokata roho kwenye picha. Ningewaomba waitazame filamu mara ya kwanza maikrofoni ikiwa imezimwa, waweke alama kila mahali ambapo mwigizaji hahitaji msaada, kisha wakaanze kurekodi.