Wavu wa Maktaba ya Muyinga
Makumbusho ya Taifa hapa Gitega, yaliyoanza 1955, ni mahali pa kutazama: watoto wawili waweza kuyazunguka bila kuambiana neno. Maktaba ya Muyinga ni mambo mengine. BC Architects wa Brussels waliijenga 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, iwe sehemu ya shule ya watoto viziwi lakini iwafae wote. Upande wa barabarani ulifungwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge, watoto walale juu yake na vitabu vyao. Hapo nawapa heko. Juu ya wavu, mmoja akigeuka wote hutikisika. Kiziwi na anayesikia waweza kucheka pamoja kabla hawajajuana majina. Somo gani la ubaoni hufanya hivyo?

Kasoro ni kwamba wavu huanzisha urafiki tu. Kesho watagombania kitabu, na anayetaka kumwomba mwenzake kiziwi msamaha atahitaji lugha ya alama, ambayo jengo haliwezi kumpa. Sisi tunaosikia hatukuisoma tulipokuwa wadogo; tulimwachia kiziwi ahangaike na midomo yetu, halafu tukasema hapendi kucheza na watu.