Heshima kwa Fundi wa Pong

Katika historia ya michezo ya video ya kutumbukiza sarafu, sifa ya kwanza anaistahili fundi aliyejua kubana gharama. Mwaka 1971, Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka mchezo wa Galaxy Game katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ulipendwa sana, lakini uliendeshwa na kompyuta nzima ya PDP-11, na senti 10 za mchezo mmoja zisingeirudisha bei yake. Mwaka uliofuata Allan Alcorn wa kampuni ya Atari aliunda Pong, mchezo wa tenisi ya runinga, bila kompyuta yoyote, kwa saketi za kawaida na runinga ya dukani. Kibao cha kupigia alikigawa vipande, ili mpira urudi kwa pembe tofauti kulingana na mahali ulipogusa. Kwa hitilafu ya saketi kibao hakikufika juu kabisa ya kioo. Akaiacha makusudi, maana bila hiyo wachezaji hodari wasingeshindwa. Mashine ya majaribio, katika baa moja mjini Sunnyvale, ikagoma kwa kujaa sarafu pomoni.

Watu watasema tenisi ya runinga ilikuwa wazo la mhandisi Ralph Baer. Ni kweli, na Magnavox, kampuni iliyouza mashine yake, iliishtaki Atari hadi wakapatana mwaka 1976. Lakini mashine ya Baer ilikuwa ya sebuleni. Ya Alcorn ilipaswa kustahimili mikono ya kila mteja, tena ieleweke kwa mtu asiyewahi kugusa kompyuta, kabla sarafu yake haijaisha. Hiyo ni kazi nyingine, na naiona ngumu zaidi. Nolan Bushnell, mwanzilishi mwenza wa Atari, hutajwa kila mahali. Alcorn atajwe kabla yake.