Kinga si maji ya mtungi: Msamiati unaowaponza wagonjwa wa baridi yabisi

Ni istilahi chache za Kiswahili zilizofaulu kama 'Ukimwi'. Upungufu wa Kinga Mwilini: maneno matatu tu, na kila mzungumzaji, awe amesoma au hakusoma, akaelewa ugonjwa unafanya nini. Wakuza istilahi wanastahili pongezi. Lakini ufanisi huo ulitufunza pia jambo ambalo hakuna aliyekusudia tulijifunze, yaani kwamba kinga ni kitu cha kupimwa kwa wingi, mithili ya maji mtungini. Yakipungua, unaugua. Yakijaa, u mzima. Ndiyo maana matangazo ya vyombo vya habari, tangu enzi ya Covid-19 hasa, hayachoki kutuuzia unga, majani na vidonge vya 'kuongeza kinga'.

Sasa mchukue mama wa miaka 35 ambaye kila akiamka vidole vimekakamaa, hawezi kufunga kifungo cha sare ya mtoto hadi jua lipande. Ana ile aina ya baridi yabisi ambayo daktari humweleza kuwa ni 'ugonjwa wa kinga'. Je, atasikia nini? Atasikia Ukimwi! Na akiisha kutulizwa kwamba sio, atakimbilia hizo dawa za kuongeza kinga, ilhali kinga yake haijapungua hata chembe. Tatizo ni kwamba inafanya kazi mahali isipotakiwa.

Waandishi wetu wa habari za afya hawajamsaidia mama huyu. Si nadra kusoma makala inayotumia 'ugonjwa wa kingamwili' katika aya moja, 'upungufu wa kinga' katika inayofuata, kana kwamba ni pande mbili za sarafu ileile. Fauka ya hayo, 'kingamwili' ndilo neno tunalotumia kuitia protini zinazonasa vijidudu. Ugonjwa na protini vimepewa jina moja. Tutazame mkanganyiko huo unavyozaa mwingine: infliksimabu, dawa maarufu ya baridi yabisi, yenyewe ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Basi tunajikuta tukisema kwamba kingamwili inatibu ugonjwa wa kingamwili kwa kupunguza kinga mwilini. Msomaji ataambulia nini hapo?

Jina 'baridi yabisi' nalo lina historia yake. 'Yabisi' ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake kavu. Baridi na ukavu, joto na umajimaji, ndizo sifa nne za tiba ya kale ya Wayunani ambayo matabibu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa kinara wao, waliiendeleza, na ambayo hadi leo wazee wa pwani yetu huitumia kugawa vyakula vya baridi na vya moto. Jina hilo ni turathi, na silipigii kura ya kuondolewa. Hata hivyo, linamtuma mgonjwa kwenye sweta na maji moto, huku ndani ya kiungo chake hakuna baridi wala ukavu. Mna joto, na maji yamejaa hadi goti limevimba. Isitoshe, jina hilohilo tunalibandika kwa magoti ya nyanya yaliyochakaa kwa umri na kazi. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na la kwanza likiachwa bila tiba hula mfupa wa kijana.

Kinachoendelea mle ndani hatuna jina lake lililokubalika. Wengi husema 'uvimbe'. Karne ya kwanza, mwandishi Mroma Celsus alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Sisi tumeokota moja tukaifanya jina la zote, na bahati mbaya moja hiyo ndiyo pia tunayoitumia kwa saratani na kwa vinundu vya kizazi. Kilatini chenyewe kilichagua picha ya moto kuwashwa. Mswahili husema kidonda kinawaka, kwa hiyo 'mwako' lingetufaa bila kuvuka mipaka ya lugha yetu. Nitalitumia hapa.

Mwako huchochewa na sitokini. Hizi ni protini ndogo ambazo seli moja huzitoa ili kuiarifu nyingine, na kiasi kidogo mno hutosha. Jina lenyewe lilibuniwa mwaka 1974, na baadhi ya sitokini huitwa intalukini, kwa maana ya kuwa kati ya seli nyeupe. Tazama wabunifu hao walivyofikiri: waliona mazungumzo. Vitabu vyetu vya shule, kinyume chake, vimeng'ang'ania picha ya jeshi, eti seli nyeupe ni askari wa mwili. Picha hiyo inamfaa mtoto anayejifunza kuhusu mafua. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi inageuka kuwa hukumu: askari wako wamekuasi, mwili wako unajichukia. Nimesikia hata 'kikulacho ki nguoni mwako' ikitajwa hapa, ingawa chawa wa methali hiyo ni mgeni na seli hizi ni zako.

Mimi ningesema sitokini ni matarishi. Tarishi hapigani, anapeleka ujumbe. Anayeitwa TNF akifika kwenye kiungo, huzihimiza seli nyingine zitoe intalukini-1 na intalukini-6, nazo hutuma habari mbali zaidi: ini hubadili kazi yake, homa hupanda, damu hupungua, uchovu huzidi. Mgonjwa anayeambiwa na jamaa zake kuwa ni mvivu, kwa sababu 'ni vidole tu vinauma', angefaidika kuelezwa hivyo. Marc Feldmann na Ravinder Maini walipogundua London kuwa kumziba tarishi huyo mmoja kunawanyamazisha wengine, waliijaribu infliksimabu mwaka 1992 kwa wagonjwa 20 katika hospitali ya Charing Cross, na viungo vikatulia. Laiti wangefikiri kwa picha ya askari tu, pengine wangetafuta jinsi ya kuua seli.

Ajabu ni kwamba herufi TNF zilitokana na uwezo wa protini hiyo kuua saratani katika panya. Tukilitafsiri jina neno kwa neno, kama wafanyavyo baadhi ya watafsiri wetu, tutampa msomaji 'kiuaji cha uvimbe', kisha tumwambie ndicho kinacholeta uvimbe gotini! Afadhali tubaki na herufi tatu.

Tena tarishi huyu si mhalifu. TNF husaidia kujenga na kudumisha ukuta wa seli unaovifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Akizibwa, ukuta unaweza kubomoka na ugonjwa ukaamka. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza dawa hizo, suala zito katika nchi kama yetu. Maelezo yatakayomwambia kwamba dawa 'inashusha kinga' bila kusema ni kinga ipi, na dhidi ya nini, yatamfanya aikimbie dawa au apuuze kipimo.

Kwa kundi zima la maradhi haya, lupasi na soriasi zikiwemo, napendekeza 'magonjwa ya kinga potofu'. Upotofu haupimwi kwa wingi, na hakuna anayeuza unga wa kuuongeza. Neno 'sitokini' lenyewe sina ugomvi nalo. Tumelimeza 'vitamini' na hatukupaliwa.