Heko kwa Askari wa Wanyamapori

Sisi wa Kamunyonge ni watu wa ziwani, lakini nyama ya porini huwa inatufikia mjini Musoma kwa njia za panya. Anayeziba njia hizo ni askari wa wanyamapori, na anastahili heko nyingi kuliko anazopewa.

Sheria anayoisimamia, ya mwaka 2009, imenyooka. Hakuna kuwinda bila leseni, hakuna sumu wala mitego ya waya. Uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1 na kufungwa Machi 31, ili masika wanyama wapumue.

Kazi yenyewe ndiyo ngumu. Mgeni mwenye bunduki ya bei mbaya haingii porini peke yake. Askari yuko ubavuni, leseni mkononi: mnyama gani, wangapi, kitalu kipi. Akipigwa simba, meno na fuvu hukaguliwa kujua umri, maana anayeruhusiwa ni dume wa miaka 6 na kuendelea. Kuna sababu nzito. Dume kijana akiuawa, madume wengine huja kulitwaa kundi lake na kuua watoto wadogo aliowaacha. Risasi moja, msiba wa ukoo mzima!

Wengi wa askari hawa wamefundwa Pasiansi, Mwanza, chuo kilichoanza 1966. Kwetu Mara wanalinda pia mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, usiku kucha, mvua ikinyesha, waking'oa nyaya moja moja kwenye vichaka.