Pongezi kwa Mfasiri wa Bawaba

Mlango hugeuka kwa bawaba. Katalogi ya bawaba hugeuka kwa mfasiri. Tumpongeze anayeitoa kwenye Kiingereza kuipeleka kwenye Kihispania.

Kipande bapa cha bawaba Waingereza hukiita jani. Mfasiri akiandika “hoja”, yaani jani kwa Kihispania, si hoja yetu ya bungeni, seremala wa Kihispania aweza kudhani ni ubao wa mlango wenyewe. “Pala” ni salama zaidi. Bawaba ya kabati izamayo katika tundu la milimita 35 ina kikombe kwa Kiingereza, lakini kwa Kihispania ni “cazoleta”, kisufuria. Bado kuchagua jina la bawaba yenyewe kati ya “bisagra”, “pernio” na “gozne”.

Akikosea, fundi huagiza kisichoingia. Akipatia, mlango hufunga kimya, wala hakuna amkumbukaye. Leo tumkumbuke: hongera!